Korti ya kale ya saza: ilijengwa lini, na nani aliijenga?

Swali: Mwalimu, naishi karibu na makao makuu ya saza letu, ambalo ni mojawapo ya masaza madogo (yaani kaunti) ya ufalme wa Buganda upande wa magharibi wa Kampala. Hapo pana jengo la matofali lenye paa la bati na kibaraza cha nguzo upande wa mbele, ambalo wazee wetu huliita korti ya saza hadi leo. Wengi wanaamini kwamba lilijengwa mwaka 1900, mwaka ule ule wa Mkataba wa Buganda. Je, ni kweli? Nani alilijenga, na kile chumba kidogo cha nyuma chenye dirisha la juu kilikuwa cha kazi gani? Nauliza kwa sababu kamati ya eneo letu inakusudia kulipiga plasta ya saruji kabla ya mvua za Machi, na kila mtu anasema lake.

Jibu: Ndugu yangu, nianze na mwaka, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Umri wa korti ni jambo moja, na umri wa kuta ni jambo jingine. Korti ya saza lenu huenda ina zaidi ya miaka 120, lakini kuta unazoziona haziwezi kwa urahisi kuwa za mwaka 1900. Wazee wako hawakosei wanapoutaja mwaka huo, maana ndio uliotia mizizi ya jengo hilo. Hata hivyo, mizizi hiyo ilikuwa ya ardhi na madaraka, na matofali yalikuja baadaye.

Mkataba wa Buganda ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Kwa upande wa Uingereza alikuwapo Harry Johnston, na kwa upande wa Buganda walikuwapo watawala watatu waliomshikia kiti Kabaka (mfalme) Daudi Chwa, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba huo uligawa Buganda katika masaza 20, na kila mkuu wa saza akakabidhiwa kazi nne. Alitakiwa kutoa haki kati ya wenyeji, kukadiria na kukusanya kodi, kutunza barabara kuu, na kusimamia mambo ya wenyeji kwa jumla. Tazama kwamba kazi hizo zote zilikabidhiwa mtu mmoja. Hapakuwa na hakimu upande huu na mtoza kodi upande ule. Aliyekupangia kodi ya nyumba, ambayo ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba, ndiye uliyesimama mbele yake ukishtakiwa kwa kutoilipa. Kwa sababu hiyo, jengo mnaloliita korti halikuwa korti peke yake tangu mwanzo. Lilikuwa ofisi, hazina, ukumbi wa baraza na mahakama chini ya paa moja, na ukilitazama kama mahakama tu hutaelewa mpangilio wa vyumba vyake.

Kesi zilikuwa zikisikilizwa katika masaza tangu zamani, kabla Mzungu yeyote hajafika. Pokino wa Buddu, Sekibobo wa Kyaggwe, Mukwenda wa Ssingo, Katambala wa Butambala na wenzao walikuwa waamuzi wa watu wao vizazi vingi, na asiyeridhika aliweza kupeleka shauri lake kwa Katikiro (waziri mkuu) au kwa Kabaka mwenyewe. Lakini mahali pa kuamulia mashauri hayo palikuwa ua wa matete na nyumba kubwa ya nyasi, na mkuu mwenyewe alikaa muda mrefu katika mji mkuu karibu na Kabaka, akimwachia msaidizi wake, musigire, shughuli za nyumbani. Mkuu akiondolewa, aliyemfuata aliweza kujenga makao yake kwenye kilima kingine. Katika hali kama hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kujenga nyumba ya kudumu miaka mia.

Kilichobadilisha mambo ni ardhi. Mkataba ulimpa kila mkuu wa saza mshahara wa pauni 200 kwa mwaka, pamoja na maili 8 za mraba ziwe mali yake binafsi, na maili nyingine 8 za mraba ziwe za cheo. Hizo za pili ndizo zinazohusu swali lako. Hazikuwa za mtu: mkuu akifa, akijiuzulu au akiondolewa, ardhi ilibaki kwa atakayemrithi katika cheo. Kwa mara ya kwanza makao ya saza yalipata kiwanja kisichohama na mtu, na kiwanja kisichohama ndicho kinachostahili matofali. Kwa maoni yangu, hilo lina uzito zaidi katika historia ya jengo lenu kuliko jina la fundi yeyote.

Hapa pia ndipo saza dogo lilipopata bahati yake. Mkataba haukupima mshahara wala ardhi ya cheo kwa ukubwa wa eneo. Mkuu wa Butambala au Busujju, ambaye angeweza kulizunguka saza lake kwa siku chache, alilipwa sawa na mkuu wa Buddu au Ssingo, ambayo ni mapana mno. Kwa hiyo usishangae kwamba saza lenu dogo lina korti imara. Uwezo wa kuijenga haukutokana na idadi ya watu peke yake.

Sasa twende kwenye kuta. Kwa nini nasema haziwezi kwa urahisi kuwa za mwaka 1900? Chukua kipimo kutoka kilima cha Namirembe, Kampala, ambako Kanisa la Kianglikana lilikuwa na watu wengi, mafundi na wafadhili kuliko saza lolote. Kanisa lao la nyasi na miti liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Kanisa la matofali, lililojengwa chini ya usimamizi wa K. Borup, mmisionari aliyewafundisha vijana wa Kiganda kufyatua na kuchoma matofali, liliwekwa wakfu mwaka 1904, na hata hilo paa lake lilikuwa la nyasi. Mwaka 1910 radi ililipiga likateketea, na kanisa linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1915 na 1919. Ikiwa nyumba kubwa kuliko zote mlimani Namirembe iliezekwa kwa nyasi mwaka 1904, ni vigumu kuamini kwamba korti ya saza dogo la mashambani ilikuwa na bati miaka minne kabla ya hapo.

Bati lenyewe lilikuwa na safari yake. Kabla ya reli, mzigo wa kutoka Mombasa ulikuja vichwani mwa wapagazi, kila mtu akibeba takribani kilo 30, kwa mwendo wa miezi. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwishoni mwa mwaka 1901, kisha meli zikavusha mizigo hadi upande wa Uganda. Ndipo bati, misumari mirefu, kufuli na vioo vikaanza kushuka bei polepole. Kampala yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1931 ndipo reli ya kutoka pwani ikafika moja kwa moja. Ukiongeza kwamba pamba, iliyoanza kupandwa mwaka 1903 na 1904, ilihitaji miaka kadhaa kabla ya kuleta fedha za kutosha vijijini, utaona kwamba wakati wa kawaida wa korti za matofali na bati katika masaza madogo ni miaka ya baada ya hapo, na nyingi zilijengwa au kujengwa upya kati ya vita viwili vya dunia.

Ukitaka kulikadiria jengo lenu kwa karibu zaidi, usianze na plasta wala rangi. Nenda nyuma, mahali ambapo hakuna aliyejali kurembesha, utafute sehemu ambayo tofali na kiungo chake vinaonekana. Kwaruza kiungo kwa ukucha. Kikitoka unga mwekundu au wa kahawia, ni udongo, mara nyingi wa kichuguu, ambao mafundi wa Buganda waliupenda kwa sababu unashika vizuri. Kikiwa cheupe na kinavunjika kama chaki, kina chokaa. Kikiwa cha kijivu na kinaumiza ukucha, ni saruji, na hapo uulize kama ni ya asili au ni ya ukarabati. Saruji ilikuwa ikiagizwa kutoka nje kwa gharama kubwa hadi kiwanda cha Tororo kilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo ukuta uliojengwa kwa saruji kuanzia msingi hadi juu unaelekea zaidi kuwa wa miaka hiyo au baadaye. Vivyo hivyo kwa vigae: kiwanda cha Kajjansi kilianza mwaka 1950, ingawa misheni kadhaa zilikuwa zikichoma vigae vyao wenyewe kabla ya hapo.

Tazama tofali lenyewe pia. Matofali ya tanuru za kienyeji hayalingani. Moja limeiva hadi kuwa la zambarau kwa kukaa karibu na moto, jingine ni jekundu hafifu na laini. Kwenye baadhi yake utaona michirizi ya vidole vya aliyelitoa kwenye kibao likiwa bichi. Kisha panda darini ukiweza, uangalie upande wa chini wa bati. Bati la zamani ni zito kuliko la leo, na mara nyingi lina muhuri wa kiwanda kilicholitengeneza, ambao haujapigwa na jua na bado unasomeka. Upige picha muhuri huo. Unaweza kukupa ushahidi wa miaka bora kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Uliuliza nani alilijenga. Katika simulizi nyingi jengo huhusishwa na mkuu wa saza aliyekuwa madarakani, na jina lake likisalia ni jambo jema. Lakini mikono iliyolijenga ilikuwa ya watu wengine, na ningependa kamati yenu iwakumbuke. Mkataba wa 1900 uliruhusu wakuu kuwaita watu kwa kazi ya barabara, mtu mmoja kwa kila nyumba tatu, kwa muda usiozidi mwezi mmoja kwa mwaka. Baadaye kazi hiyo ya lazima, iliyojulikana kama luwalo, iliwekewa sheria na Serikali ya Buganda, na ikahusu pia majengo ya umma: nyumba za wakuu, korti, zahanati na madaraja. Mwanamume mwenye nguvu alitoa mwezi wake mmoja bila ujira, hadi ilipokubaliwa kwamba anayetaka anaweza kulipa fedha badala ya kufanya kazi. Wafungwa wa saza nao walitumwa kuchimba udongo, kubeba maji na kukata kuni za tanuru. Mafundi wa kujenga na maseremala, ambao wengi wao walijifunza kazi misheni, walilipwa. Hivyo, nyuma ya kila safu ya matofali kuna mwezi wa mkulima aliyeacha shamba lake, na familia za watu hao bado ziko hapo hapo kwenu. Waulizeni. Mjukuu anaweza kukumbuka kwamba babu yake alibeba matofali ya korti hata kama hajui ilikuwa mwaka gani, na maneno ya namna hiyo yanastahili kuandikwa pamoja na jina la aliyeyasema na siku aliyoyasema.

Kuhusu chumba kidogo cha nyuma, kuna uwezekano wa aina mbili, na mlango wake ndio utakaokuambia. Kama komeo na kufuli ni za nje tu, na dirisha lina vyuma, huenda kilikuwa mahabusu ya muda, ambamo mshtakiwa aliwekwa akisubiri kuitwa mbele au kupelekwa gereza la saza. Kama mlango ni mzito, una kufuli ya ufunguo, na ndani kuna alama za rafu au sehemu ya sakafu iliyoimarishwa kwa ajili ya sanduku la chuma, basi ilikuwa hazina. Kumbuka kwamba kodi ya saza nzima ilipitia hapo. Fedha, risiti, madaftari ya kodi na vitabu vya kesi vililala katika chumba hicho, na dirisha la juu lilizuia mkono wa mwizi kama lilivyozuia mtu kutoroka. Yapo majengo ambamo chumba kimoja kilibadilishwa kazi mara mbili au tatu, kwa hiyo usiharakishe kuchagua jibu moja.

Ili ulielewe jengo, yafikirie mashauri yenyewe. Mkuu aliketi mbele, karani pembeni yake akiandika kwa Kiganda, wazee wa baraza kando, na watu wengi nje, kwenye kibaraza na chini ya miti. Kibaraza hicho chenye nguzo hakikuwekwa kwa urembo. Watu walitembea saa nyingi kufika, wakasubiri zamu, wakajikinga mvua. Kesi zilikuwa za mipaka ya ardhi, kodi, mifugo, wizi, ndoa na mirathi, na baada ya sheria ya busulu na envujjo (kodi ya ardhi na ushuru wa mazao) ya mwaka 1927, iliyoweka kikomo cha malipo ambayo mwenye maili, yaani mmiliki wa ardhi, aliweza kumtoza mwenye kibanja, yaani mpangaji anayelima shamba humo, ugomvi wa pande hizo mbili nao ulifika katika korti za namna hii. Aliyeshindwa alikuwa na njia ya kukata rufaa kwa Lukiko (baraza kuu la Buganda huko Mengo, makao ya ufalme), ambayo Mkataba uliipa kazi ya kusikiliza rufaa za korti za wakuu wa masaza.

Si kila mkazi wa saza aliyeweza kushtakiwa hapo. Madaraka ya korti za Buganda yalihusu wenyeji peke yao. Mfanyabiashara wa Kihindi, mtu wa pwani aliyefungua duka karibu na makao ya saza, au Mzungu wa misheni, alipelekwa kwenye mahakama ya serikali ya Protektoreti, iliyokuwa na Mahakama Kuu yake tangu amri ya mwaka 1902. Wapo wasomaji wa Kiswahili ambao babu zao waliishi miaka mingi hatua chache kutoka korti ya saza lakini hawamo katika vitabu vyake. Anayewatafuta hao aanzie kwenye kumbukumbu za serikali kuu, ambazo zilitunzwa Entebbe miaka mingi na sasa ziko Wandegeya, Kampala.

Miaka iliyofuata naipitia kwa haraka. Sheria ya mwaka 1940 ilipanga upya korti za Buganda na ngazi zake, na saza likabaki juu ya gombolola, ambayo ni sehemu ndogo ya saza. Mwaka 1949, katika ghasia zilizoenea Buganda, nyumba za wakuu wengi zilichomwa moto, jambo linalofaa kukumbukwa kila unapokuta jengo la saza lenye sehemu mpya juu ya msingi wa zamani. Baada ya uhuru, sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1964 iliweka msingi wa mfumo mmoja wa mahakama nchini, na kazi ya kuhukumu ikawa inatoka mikononi mwa wakuu wa masaza. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni, na katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Majengo ya masaza yakawa ya serikali, yakatumika kwa ofisi, polisi, maghala, na mengine yakaachwa wazi.

Ufalme uliporudishwa mwaka 1993 sheria ilipitishwa ya kuwarudishia watawala wa jadi mali zao, lakini makao ya masaza na magombolola hayakurudi yote kwa pamoja. Makubaliano ya Agosti 2013 kati ya Rais Museveni na Kabaka Mutebi yaliyahusu, na mwaka uliofuata hati 213 za ardhi zilikabidhiwa Mengo. Hii ina maana kwenu: kabla hamjagusa ukuta, hakikisheni katika ofisi ya ardhi hati ya kiwanja iko kwa nani, maana kamati ya eneo, hata ikiwa na nia njema, haiwezi kukarabati mali ya mwenyewe asiyejulikana. Ikiwa ni mali ya ufalme, ongeeni na mkuu wa saza wa sasa na Bodi ya Ardhi ya Buganda. Ikiwa ni ya wilaya, kwa msimamizi mkuu wa wilaya.

Mwisho ni plasta, na hapa nakuomba kwa dhati uwazuie wenzako wasubiri. Ikiwa viungo vya matofali ni vya udongo au chokaa, plasta ya saruji italiumiza jengo. Ukuta wa zamani huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiufunika kwa saruji ngumu, maji hubaki ndani, matofali laini yaliyokosa kuiva huanza kumumunyuka nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta huanguka vipande vikubwa ikiwa imeshika nyuso za matofali. Kabla ya mvua za Machi fanyeni mambo yenye faida zaidi na gharama ndogo. Rekebisheni bati linalovuja na muweke mfereji wa kupeleka maji mbali, shusheni udongo uliorundikana kwenye msingi mpaka uwe chini ya sakafu, kateni miti iliyootea ukutani, na mjaze viungo vilivyotoka kwa mchanganyiko wa udongo wa kichuguu na chokaa unaofanana na uliopo. Fundi mzee wa kijijini anayejua kazi ya udongo atawafaa kuliko mkandarasi wa mjini. Nitumie picha za kiungo cha ukuta, za muhuri wa bati na za mlango wa kile chumba kidogo, nami nitakuandikia kwa undani zaidi.